Mvua ya Kasese Haingoji Simu ya Kitgum

Laini C, Nyumba 14,
Kambini, Kasese.
Jumapili, 27 Julai 2025.

Mpendwa Shangazi Eseri,

Kwanza pole kwa goti. Baba alituambia bado linakusumbua ukiinama, na kwamba daktari amekukataza kubeba maji kichwani. Je, unamsikiliza huyo daktari? Nauliza kwa sababu nakujua. Dada Aidah na mtoto wake hawajambo? Na yule mbuzi mweusi aliyekuwa anakula nguo kwenye kamba, bado yupo au mlimla yeye? Sisi huku tuko. Ronnie alipata malaria mwanzoni mwa mwezi lakini sasa anakimbia. Bright ameng'oka jino la mbele na anaongea kama mzee. Baba ni mzima, anaenda kazini, anarudi. Mama ni mzima wa mwili.

Mimi pia ni mzima, lakini nina hasira, na hasira yenyewe ni juu yako, Shangazi.

Sentensi hiyo niliiandika kwanza kwenye karatasi nyingine mara tatu, nikaichana mara tatu. Najua mtoto hamwandikii shangazi yake hivyo. Unisamehe, au usinisamehe mpaka ufike mwisho.

Unanijua. Mimi ndiye niliyejificha nyuma ya pazia Krismasi ile ulipokuja. Ulikaa siku nne ukasikia sauti yangu mara mbili, na mara moja ilikuwa chafya. Simu ikiletwa kwangu nasema niko sawa Shangazi, halafu naipitisha kwa Ronnie kama kiazi cha moto. Maneno yangu hukaa foleni mdomoni mpaka watu waondoke. Kwa hiyo naandika. Afande Kenneth wa nyumba ya tisa anaondoka Jumatano asubuhi kuja likizo kwao Kitgum, na amekubali kukupa bahasha hii mkononi. Simu ni ya Baba, na kinachopita humo Baba anakiona.

Kiacholi changu kinaishia kwenye salamu, na Lhukonzo, lugha ya Wakonjo wa kwao Mama, wewe huijui. Tunachogawana ni Kiswahili. Wewe ulikipata kwenye kambi ya askari enzi za marehemu mume wako, Mama alikipata Bwera kwa wachuuzi wanaovuka kutoka Kongo, na mimi nasahihishiwa na Madamu Martine shuleni kwa kalamu nyekundu. Ukiona sentensi imenyooka sana, hiyo ni ya Madamu Martine. Zilizopinda ni zangu.

Niambie, unakumbuka kile kipande chetu cha bustani nyuma ya laini, ile safu yetu ya nyumba? Hatua kumi na mbili kwa nane. Kila nyumba ina chake. Katikati ya Februari, vumbi likiwa linaingia mpaka kwenye sufuria, Mama alilima kona moja, akavunja madongo kwa mikono, akachanganya na samadi ya kuku, akamwaga mbegu kwa mistari: kabichi, nyanya, biringanya. Akafunika kwa majani makavu. Wanawake waliotoka mbali walimcheka kwamba anapanda vumbi ili avune nini, mavumbi? Mama aliendelea kufunika. Kwao Bwera ndivyo wanavyofanya, kitalu kinatangulia na mvua inakikuta kikingoja. Mvua ya huku inafika katikati ya Machi, na Mei ikiisha nayo inafunga mlango. Kabichi iliyohamishwa na mvua ya kwanza inapata miezi miwili na zaidi ya kunywa. Hiyo ndiyo hesabu yote.

Machi ilipoanza miche ilikuwa na majani manne, shingo nene, rangi ya kijani iliyokolea. Mama alikuwa anaipitia asubuhi kabla hata ya kuwasha jiko. Ndipo Baba akakupigia simu, kama anavyokupigia kabla ya kila jambo. Na kwa kuwa sikio lake la kushoto liliharibiwa na mlio wa bunduki, simu yake siku zote iko kwenye spika. Kwa hiyo yote unayosema, Shangazi, huwa unatuambia sote. Sijui kama uliwahi kufikiria hilo.

Ulisema mwezi wa tatu ni wa kusafisha shamba tu. Ulisema mboga inaingia kitaluni Aprili mvua ikishashika, inahamishwa mwisho wa Mei, halafu inakula mvua mpaka Oktoba. Ukasema huyo mwanamke anataka kuchoma mbegu. Kwa Kitgum umesema kweli, nimethibitisha. Mvua yenu inakuja mara moja kwa mwaka, ndefu kama gari moshi. Ya kwetu inakuja mara mbili, vipande viwili, na katikati yake kuna Juni na Julai ambazo hazimwonei mtu huruma. Hukujua, sawa. Lakini hukuuliza, na hapo ndipo moyo wangu unapochemka. Hukusema hata, "Bulandina anasemaje?" Mama alikuwa amekaa umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye hiyo simu, anachambua maharage.

Baba alikata simu akasema, "Amri imetoka." Alisema akicheka. Lakini mzaha wa mwenye cheo, walio chini yake hutekeleza.

Miche haiwezi kungoja. Ikipita wiki sita imejibana kitaluni inazeeka. Kwa hiyo jioni moja Mama aliing'oa yote na udongo wake, akaifunga kwenye majani ya migomba, akampelekea Mama Naswiba, mwenyekiti wa wanawake wa laini zetu. Hakubakiza hata mmoja. Nilimwona akirudi anapangusa mikono kwenye kitenge, anapangusa tu, na mikono ilikuwa imeshakauka.

Sasa sikiliza ungamo langu la kwanza, kwa sababu sitaki kukukasirikia wewe peke yako kama vile mimi ni malaika.

Siku moja kabla Mama hajaitoa miche, aliniita jikoni. Alijua kwamba mwalimu wetu wa kilimo alikuwa ametuchoresha jedwali la mvua ya Kasese, mwezi kwa mwezi, kwa Kiingereza, na kwamba nilipata alama tisa kwa kumi. Akaniambia, "Sylivia, peleka ile kitabu yako kwa baba yako. Mimi nikisema, iko maneno ya mwanamke. Wewe ukisema, iko maneno ya shule."

Nikachukua daftari. Nikasimama mlangoni. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda anapaka buti rangi. Akainua macho akaniuliza nini. Shangazi, nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo kwa Kiingereza cha mwalimu na kwa Lhukonzo ya Mama, nikanyamaza kwa lugha zote mbili. Nilisema nimekuja kumsaidia buti ya pili. Nikakaa chini nikapaka buti, nikaing'arisha mpaka naona pua yangu, daftari likiwa limebanwa kwapani. Baba akanisifu. Nilipotoka Mama alitazama uso wangu akajua, hakuuliza kitu. Angeuliza ningeumia kidogo tu.

Basi tukafuata kalenda yako. Aprili kitalu, na Jumamosi ya tarehe ishirini na nne Mei tukapangwa mstari asubuhi, Baba mbele, Mama, mimi, Ronnie, hata Bright na kopo lake, tukahamisha miche mia moja na sitini. Ilikuwa mizuri, nakiri. Ikapata mvua mbili. Ya tatu haikuja.

Kila jioni mawingu yalijaa juu ya Rwenzori, meusi, mazito, na kila jioni Baba alisimama mlangoni mikono kiunoni akasema kesho. Mama alimwambia mara moja, kwa sauti ya chini, kwamba mvua ya mlimani inabaki mlimani, bonde hili linaitazama tu kama mtoto anayetazama harusi ya watu kwenye uzio. Baba akajibu kwamba alipita Mubuku na gari la kazi, akaona kwa macho yake watu wanahamisha nyanya wiki hiyohiyo. Mubuku, Shangazi! Mubuku wana mfereji. Maji yanawajia shambani yakitembea. Mtu wa Mubuku anaweza kupanda hata siku ya Krismasi. Sisi tuna bomba moja kwa nyumba arobaini, na foleni yake unaijua.

Nilibeba maji Juni nzima. Kabla ya shule jerikeni mbili, baada ya shule mbili. Udongo ulikuwa unayanywa kabla sijaondoa mkono. Majani yalianza kujikunja pembeni, halafu yakawa kama karatasi, halafu upepo wa mchana ukawa unayachezesha na yanatoa mlio. Sijui kama umewahi kusikia kabichi inatoa mlio. Mwisho wa Juni Baba akasema tuache kubeba.

Jumapili ya tarehe ishirini na tisa Mama Naswiba akaja na kabichi. Kubwa, Shangazi, nilipoipokea nilitumia mikono yote miwili. Akamwambia Mama asante kwa ile miche, ndiyo imezaa hivi. Alisema kwa wema, hana ubaya yule mama. Mama akaikata, akaikaanga na nyanya, akaweka mezani na ugali. Baba akala. Akaongeza. Akasema, "Hii kabichi ni tamu. Imetoka wapi?"

Nilimtazama Mama, naye alikuwa anamtolea Bright mwiba wa samaki ambao haukuwepo, maana siku hiyo hatukuwa na samaki. Mwishoni akasema imetoka kwa jirani. Baba akasema jirani huyo anajua kulima.

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya bafu. Sikulia. Nilikuwa nauma ukosi wa gauni langu la kanisa mpaka ukalowa. Kabichi ilitoka kwenye miche ya Mama yangu, na sifa yake mezani kwake mwenyewe ikaenda kwa jirani.

Ungekuwa umeishia hapo, Shangazi, labda nisingeandika. Lakini Julai tarehe sita kamati ya wanawake ilipita kukagua vipande. Sheria unaijua: kipande kikikutwa hakina mboga mara mbili mfululizo, kinapewa nyumba nyingine, na nyumba zinazongoja ni sita. Mama Naswiba alisimama juu ya miche yetu mikavu, akaandika, akasema kwa masikitiko kwamba hiyo ni mara ya kwanza, na kwamba atarudi mwisho wa Septemba. Wanawake wanne walikuwa naye. Na Baba, kwa aibu, akakupigia hapohapo bustanini, mbele ya wote, ili useme kosa liko wapi.

Ukasema, "Oryem, si nilikuambia? Wakonjo wanajua kupanda mulima. Mambo ya mboga, hapana."

Spika ilikuwa wazi. Watu wakacheka. Baba akacheka. Mama naye akacheka, Shangazi, na hicho kicheko chake ndicho kinachonifanya nikuandikie barua hii. Kilikuwa kile ambacho mtu anakivaa haraka, kama kitenge ukigongewa mlango unaoga. Ronnie akacheka pia kwa sababu wakubwa wanacheka, na tangu siku hiyo wakipanda ngazi ya kanisa na Bright wanaambiana, panda mlima Mkonjo. Watoto wa Mama mwenyewe. Mama anasikia.

Miche ile ilikufa kwa tarehe zako. Ile ya Mama iliishi, imeliwa na laini nzima. Halafu wa kuchekwa akawa Mama.

Siku hiyohiyo ukampa Baba amri nyingine: mboga zimekataa, sasa apande simsim, yaani ufuta, kipande kizima, kwa sababu simsim ni ya mwezi wa saba, hiyo inajulikana. Ukasema utatuma mbegu kwa basi. Sikatai, simsim ni ya mwezi wa saba huko kwenu. Huku ukiimwaga sasa itakaa kwenye vumbi wiki tatu na sisimizi watabeba yote. Na hata ikiota, simsim si mboga. Septemba kamati itaandika mara ya pili, na kipande cha Mama kitakwenda.

Ungamo la pili. Tarehe kumi na mbili nilichukua kopo ambalo Mama alikuwa amebakiza mbegu kidogo za Februari. Nilihesabu kwa kurudi nyuma. Mvua ya pili inarudi kati ya tarehe kumi na tano na ishirini na tano Agosti. Kabichi inataka wiki tano kitaluni. Basi siku ni hiyo, haikungoja mtu. Nilichukua mabeseni mawili yaliyotoboka na jerikeni tatu nilizozikata ubavuni, nikajaza udongo na samadi, nikamwaga mbegu, nikavificha nyuma ya bafu la wanawake chini ya bati kuukuu. Namwagilia kwa maji niliyonawia uso. Leo miche ina majani mawili ya kweli, ukiacha yale ya kuzaliwa. Mama aliigundua siku ya tatu. Kesho yake nilikuta mtu ameweka majani makavu juu.

Ungamo la tatu ni baya zaidi. Kifuko chako cha simsim kilifika. Mimi ndiye niliyetumwa kukichukua kwenye ofisi ya basi mjini, na nilikichukua, na nikamwambia Baba hakijafika. Kiko chini ya kitanda changu. Baba amewatukana watu wa basi mpaka naona aibu kwa niaba yao. Anasema Ijumaa jioni atakupigia, na kama kifuko kimepotea atanunua simsim sokoni, kwa sababu Jumamosi, Agosti mbili, kipande kinapigwa jembe, na hakuna swali. Nyumbani kwetu mimi ndiye mtoto asiyesema uongo, kwa kuwa sisemi kitu. Sasa nimesema, na umeniketia tumboni kama ugali mbichi.

Sitaki ufikiri kwamba nimesahau wewe ni nani. Baba ametusimulia mara nyingi. Najua wazazi wenu walipokufa ulikuwa na miaka kumi na saba na yeye sita. Najua mlivyoishi kule kambi ya wakimbizi wa ndani, na kwamba ulilima mboga kando ya vibanda kwenye ardhi isiyotosha kulaza mbuzi, kila Aprili, na hizo ndizo zilizomlea. Bila kalenda yako mimi nisingekuwepo. Naliheshimu hilo. Ila lilikuwa Kitgum, Shangazi. Huku mwezi una jina lilelile lakini ni mwezi mwingine.

Naacha hapa, Baba anakuja.

Jumanne, 29 Julai, jioni.

Shangazi, naendelea kwenye karatasi hii hii, kwa sababu nikiichana sitaandika tena.

Jana Mama Naswiba alilalamika kwamba paa la bafu la wanawake limepasuka, wanawake wanaoga wanatazamwa na kunguru. Baba akajitolea kuliziba. Akahitaji bati. Akaenda nyuma akainua lile langu.

Tulimsikia akiita majina yetu moja moja, kama anavyoita askari wake. Tukasimama. Alikuwa ameshika bati mkono mmoja, na miguuni mwake miche yangu yote, kijani, imepigwa na jua la saa tisa. Akauliza nani amepanda. Mama akaanza kusogea mbele akipangusa mikono kwenye kitenge, na mimi huo mwendo naujua. Alikuwa anakuja kuubeba tena.

Nikasema, "Ni mimi."

Ilitoka ndogo. Baba akanigeuzia sikio lake zima akauliza nani.

"Ni mimi, Baba. Si Mama."

Akauliza kwa ruhusa ya nani. Hapo maneno yakaisha, Shangazi, yote, nikageuka nikakimbilia ndani. Nadhani wote walifikiri nimetoroka. Nilirudi na daftari la kilimo mkono mmoja na kifuko chako cha simsim mkono mwingine, nikaviweka chini karibu na mabeseni. Mwandiko wako ulikuwa juu. Baba aliutazama mpaka nikaanza kuhesabu vifungo vya shati lake. Hajawahi kunipiga, lakini nilijiandaa.

Akachukua daftari. Akalisoma lile jedwali kwa kidole, kama anavyosoma ramani. Machi. Aprili. Mei. Kwenye Juni kidole kikasimama, kikarudi Mei, kikaenda tena Juni. Nyuma yangu Ronnie alikuwa anapumua kwa mdomo.

Halafu Baba akamuuliza Mama, "Bulandina, mvua ya pili inarudi lini?"

Mama akajibu, "Tarehe kumi na tano, ishirini ya mwezi wa nane. Ikichelewa sana, mwisho wa mwezi. Miche itakuwa imekomaa. Mutoto amehesabu vizuri."

Nilifikiri sasa imekwisha. Baba alifunga daftari, akalikung'uta vumbi ingawa halikuwa na vumbi, na akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Na Eseri? Nitamwambia nini Eseri?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Baba hakukataa kalenda ya Mama kwa sababu haiamini. Mtu yule ambaye askari thelathini wanasimama wima akipita anakuogopa wewe. Anaona akipanda Machi au Agosti ni kama anakuambia zile mboga za Aprili zilizomlea hazikuwa kitu. Na kwa huo woga wake Mama amechekwa mbele ya laini nzima.

Akasema Jumamosi inabaki Jumamosi, mpaka aongee na wewe. Mimi kwa ule uongo nimepewa adhabu ya kupaka buti rangi mwezi mzima, kazi ninayoijua. Halafu alitafuta bati jingine la bafu. Lile langu akalirudisha juu ya miche, akaliinua kwa mawe mawili upande mmoja ili hewa ipite. Alipoondoka Mama aliyatazama hayo mawe kwa muda mrefu.

Kwa hiyo Shangazi, kipande cha Mama sasa kiko mdomoni mwako. Barua hii itakufikia Alhamisi. Mpigie Baba kabla hajakupigia wewe. Ijumaa saa kumi na mbili jioni atakuwa nyumbani, na mimi nitahakikisha Mama yupo karibu, na nitamwita Mama Naswiba aje kuazima chumvi. Usiombe simu itolewe kwenye spika. Ulilosema lilisikiwa na wote, basi na hili lisikiwe na wote.

Sikuombi useme nisamehe. Najua namna neno linavyoweza kukwama kooni, nani anajua zaidi yangu? Nataka tu uulize lile swali ambalo hukuuliza mwezi wa tatu. Sema, "Bulandina, unasemaje?" Halafu unyamaze, umngoje ajibu. Mimi nimeweza kusema maneno mawili. Yako ni mawili pia.

Simsim yako ipo salama, imepungua kikombe kimoja. Nilikikaanga kwa hasira nikala na Ronnie. Ilikuwa nzuri mno, na hilo nalo liliniudhi.

Nisalimie dada Aidah, umbusu mtoto. Bibi wa Bwera, mzaa Mama, anakusalimu, anasema dawa ya goti ni kukanda kwa maji ya chumvi yenye joto. Mama anakusalimu. Sikumwambia ninaandika, lakini nilipomuuliza kama ana salamu za kwenda Kitgum alisema, mwambie apumzishe mguu. Ndiyo maneno yake yote. Mungu akuinue kitandani kila asubuhi bila maumivu, na mvua yenu ikutoshe mpaka Oktoba.

Ni mimi binti wa ndugu yako, nikupendaye na hasira yangu mkononi,

Sylivia